Mlenga Vivuli wa Kwemtindi Anaombea Wingu la Mchana

Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na Muhidini Semkiwa anafanya jambo ambalo wakata mkonge wenzake hawalifanyi. Kabla ya kuinamia mche, anaukunja mkono wa kushoto mbele ya uso, kisha anaingia na kisu kwa chini, polepole, kama mtu anayeingia mlango mfupi wa nyumba asiyoizoea.

Anakata jani moja. Anarudi nyuma. Anaipunguza ncha yenye mwiba, inaanguka chini. Anaukunja mkono tena.

"Wenzangu wanakata majani matatu, mimi moja," anasema bila kugeuka. "Wao wana jicho la akiba. Mimi la akiba nilishalitumia."

Jicho la kushoto halipo. Kope zimeshikana, na shavu la upande huo limeingia ndani kidogo. Mwiba wa mkonge ulilichukua mwaka 1957, hatua chache tu kutoka mahali aliposimama asubuhi ya leo. Anapaonyesha kwa kisu. Hapana alama yoyote, ni mkonge mtupu kama kwingine kote.

Shamba hili la Kwemtindi liko maili saba kutoka mjini Korogwe, upande wa njia ya kwenda Handeni. Mkataji anatakiwa kufikisha mafungu mia moja na kumi kwa siku, kila fungu majani thelathini. Muhidini akijitahidi sana hufika themanini. Asiyetimiza hulipwa kwa kadiri ya mafungu yake, na asiyefika nusu siku yake haihesabiwi. Mshahara kamili ni shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi. Mwezi uliopita alipokea mia moja sitini na tano.

Miwani ya kukinga macho ilikuja mwaka juzi, jozi sita, kwa wakataji mia na zaidi. Aliyepata hakuirudisha.

"Nilimwomba mmoja aniazime Jumatatu na Alhamisi," anasema. "Akaniambia, kaka, hii nimemwachia mwanangu anachezea. Nikasema basi, Mungu ampe heri."

Sasa nenda Korogwe, simama stendi au pale stesheni ya reli, uwataje wakata mkonge wa Kwemtindi. Hakuna atakayekujibu. Lakini taja meza ya biliadi, na mtu mmoja au wawili watageuka. Watakuuliza, "Unamtafuta yule wa kivuli?"

Ndiye huyu.

*

Klabu yenye meza hiyo, iliyokuwa ya mabwana wa shamba, ipo mpaka leo, juu ya kilima kidogo, nyumba ya bati jekundu yenye madirisha manane, manne kila upande. Enzi za mabwana hakuna Mwafrika aliyeingia humo ila mwenye sinia au ufagio. Katikati ya chumba kuna meza kubwa ya kitambaa cha kijani, na juu yake taa tatu zinaning'inia chini chini, zimevishwa vikofia vya kijani.

Madirisha yalikuwa na mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee. Yalifungwa mchana na usiku, taa zikawaka hata jua la saa saba.

"Walikuwa hawataki tuwaone wanavyokunywa," anasema Muhidini. "Sisi tuko juani tunahesabiwa majani, wao wako gizani wanahesabiwa chupa."

Alipopoteza jicho alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, kijana kutoka Sindeni, Handeni, aliyekuja kutafuta kodi ya kichwa na mahari. Meneja wa wakati ule alimtazama kitambaa kikiwa bado usoni, akasema apelekwe klabu akawe maka. Maka ndiye mtu wa meza ya biliadi: anapanga mipira, anahesabu pointi, anapiga brashi kitambaa, anafuta fimbo. Fimbo anaifuta, haichezei.

"Shati jeupe na brashi," anasema. "Hayo ndiyo malipo ya jicho langu. Mwenzangu mmoja alikatika kidole akapewa blanketi. Tukawa tunataniana nani kapunjwa."

Alikaa kwenye kiti kirefu kando ya ukuta miaka kumi, anahesabu pointi za watu wengine.

Mabwana wakienda kula, alikuwa anajaribu kwa mpini wa brashi. Hakupata kitu. Mpira una tumbo, anaeleza, na mwenye macho mawili analiona tumbo linapoanzia na linapoishia. Mwenye jicho moja anaona duara bapa, kama sahani. Hajui liko mbali au karibu, wala aliguse wapi.

Siku moja alikuwa ameinama anapiga brashi, shavu limekaribia kitambaa, akaona kitu ambacho kilikuwepo siku zote. Chini ya kila mpira kulikuwa na kivuli. Kidogo, cheusi, kimelala.

"Kivuli hakina tumbo," anasema, na hapa sauti yake inabadilika, inapata uhai. "Kimelala kwenye kitambaa kama mkeka. Jicho moja linatosha. Nikaacha kuutazama mpira. Nikawa nauliza tu: nikitaka mpira mwekundu uende tundu la kona, kivuli cha mweupe kiingie wapi kwenye kivuli cha mwekundu? Kikiingia nusu, unakwenda kule. Kikiingia robo, unakwenda kule. Wallahi, siku ile niliingiza mitatu mfululizo kwa mpini wa brashi, nikaketi chini nikacheka peke yangu."

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

*

Serikali ilipoyachukua mashamba, klabu ilifungwa kwa kufuli, ikawa stoo ya magunia. Mwaka 1971 kamati ya wafanyakazi iliifungua. Wakakuta panya wamekula kiti, lakini meza haikuguswa. Kabla mabwana hawajaondoka, Muhidini alikuwa ameifunika kwa turubai na kuifunga kamba.

Ndipo ubishi ulipoanza.

Jioni, baada ya kazi, taa zikiwaka na mapazia yakiwa yamefungwa kama zamani kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuyafungua, wafanyakazi walijifunza kucheza. Mdoe, karani wa mizani, alikuwa na kijitabu alichokinunua Tanga. Kwa mujibu wa Mdoe, mpira hugawanywa. Unaligawa duara kichwani, nusu, robo, robo tatu, na unalenga ukingo. Basi.

"Hesabu haina kabila," Mdoe alipenda kusema, na mpaka leo anasema.

Kimaren, mlinzi wa klabu, Mmasai kutoka mbuga za Handeni upande wa Mkata, yeye hakulenga mpira kabisa. Alitazama tundu. Alisimama wima na fimbo kiunoni, macho kwenye tundu, akapiga.

"Ninapomfuata ng'ombe nampeleka zizini," anasema Kimaren, "natazama zizi. Nikitazama mkia tutapotea wote wawili."

Na Muhidini na vivuli vyake.

Wanaokumbuka siku zile wanasema ubishi ulikuwa mtamu kuliko mchezo wenyewe. Ulianzia mezani, ukashuka kambini, ukaingia foleni ya maji, ukafika mpaka kwenye korona, mashine inayosaga majani ya mkonge, ambako watu walibishana kwa ishara za mikono kwa sababu ya kelele. Mdoe alimwambia Muhidini kwamba kivuli ni kivuli tu, hakina uzito, hakiwezi kuusukuma mpira. Muhidini alimjibu kwamba hata nusu yake Mdoe haina uzito, iko kichwani mwake, bora kivuli kinaonekana. Watu wakapiga makofi. Kimaren akawaambia wote wawili ni wagonjwa.

Lakini ukweli wa meza haukufichika. Mpira ukiwekwa mara kumi mahali pagumu, Muhidini aliingiza mara nane. Mdoe alipata sita, saba akibahatika. Kimaren alipata mbili, na hizo mbili zilikuwa za ajabu, watu walizisimulia wiki nzima.

Timu za mashamba mengine zilikuja, zikafungwa. Muhidini aliwafundisha vijana bure. Shati jeupe lilikwisha kuchakaa, mkewe Mwantumu akaligeuza kola.

"Nilikuwa na furaha, nakuambia kweli," anasema Mwantumu, ambaye tulimkuta kambini akipepeta mahindi ya msaada, ya njano, yenye vumbi jingi. "Alikuwa anarudi nyumbani amenyooka. Mtu wa jicho moja, na watu wanamwita mwalimu."

*

Mwaka 1973 kamati ikaamua jambo ambalo ukilisikia juu juu ni la haki kabisa. Klabu haiwezi kulisha watu wawili. Maka analipwa, na karani Mdoe naye alikwisha pewa nusu ya kazi za klabu baada ya mizani kupunguziwa makarani. Abaki mmoja, atunze klabu na kufundisha timu. Mwingine arudi kwenye uzalishaji. Uzalishaji maana yake ni kisu na mkonge.

Mwenyekiti wa kamati ni Ndugu Gregori, fundi wa korona, mtu mwenye sauti nzito na mikono isiyotulia. Hakutaka kuchagua kwa siri. Alisema mambo ya kuchagua watu vyumbani ni ya zamani. Washindane siku ya Saba Saba, mchana, mbele ya wafanyakazi wote, wake kwa waume, mpira uwekwe mara kumi kwa kila mmoja, na watu wajionee kwa macho yao.

Chumba kingeingiza watu arobaini. Wafanyakazi walikuwa mia sita. Basi, akasema Ndugu Gregori, yafunguliwe madirisha yote manane, watu wasimame nje wachungulie. Na yale mapazia ya kuficha ulevi wa mabwana yashushwe leo hii, yasirudi tena, yapelekwe chekechea watoto wakapate nguo.

Watu walishangilia mpaka mbwa wakabweka kambini. Na aliyepanda ngazi kuyashusha, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kulabu zilivyofungwa, alikuwa maka.

"Niliyashusha kwa mikono yangu," anasema Muhidini. "Tena naimba. Miaka yote ile niliyachukia. Nilipovuta la mwisho, mwanga ukaingia, nikaona vumbi linacheza hewani, nikasema moyoni, leo na sisi tumeingia. Mungu wangu! Sikuitazama meza. Nilikuwa nawatazama watu."

Aliitazama alipoinama kupiga mpira wa kwanza.

Taa hazikuwashwa, mchana kweupe, za nini? Jua liliingia kutoka madirisha ya pande zote mbili. Kila mpira ulikuwa na vivuli viwili, kimoja huku na kimoja kule, vyepesi kama chai iliyorudiwa majani, na watu waliokuwa wakisukumana madirishani wakivifanya viende na kurudi.

"Nikatafuta kivuli changu, sikukiona," anasema. "Nikafikiri jicho limekwenda na lenyewe."

Mpira wa kwanza ulikwenda kando. Wa pili haukuguswa kabisa, mweupe ulipita kama haumjui mwenzake. Madirishani watu wakaguna.

Baada ya mpira wa tatu Muhidini aliinuka, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Ndugu Mwenyekiti, naomba mapazia yafungwe, taa ziwashwe."

Hapo lilianza cheko dirisha la mwisho, likazunguka nyumba nzima. Mtu mmoja akapaza sauti, "Maka anawataka mabwana zake!" Mwingine akaitikia, "Mleteeni na sinia!" Ndugu Gregori hakucheka. Alisema maneno ambayo Muhidini anayajua kwa moyo, na aliyarudia mbele yetu neno kwa neno, kisu kikiwa kimesimama.

"Alisema, 'Ndugu Muhidini, mapazia yameshuka na hayapandi. Ondoa kasumba, ucheze mbele ya watu.'"

Akacheza. Mitatu kati ya kumi. Mdoe alipata sita, kama kawaida yake.

Siku ya pili yake Muhidini alikabidhi brashi, akapewa kisu. Kilikuwa kipya.

*

Msomaji atauliza, kama nilivyouliza mimi: jioni je? Jua likizama si taa zinawaka? Kwa nini asiombe mchezo wa jioni?

Aliomba. Lakini tangu mwezi ule wa Saba Saba, jioni zote za klabu ni za kisomo. Ikifika saa kumi na mbili mbao tano huwekwa juu ya meza, viti huletwa, na watu wazima thelathini hukaa kuizunguka wakijifunza kusoma na kuandika. Ni jambo jema, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema liahirishwe kwa sababu ya mipira.

Muhidini mwenyewe ni mwanafunzi. Namba alizijua kwa kazi yake; herufi hakuzijua.

"Nimeandika jina langu kwa mara ya kwanza juu ya meza ile ile," anasema. "Mbao tu zimetutenga. Taa inawaka juu, na kalamu inatupa kivuli safi, cheusi, kimelala vizuri. Nakitazama mpaka mwalimu ananiita, 'Ndugu Muhidini, uko nasi?' Nasema nipo, mwalimu."

Anasema wazi kwamba siku alipoliandika jina lake alilia, na kwamba haoni aibu hilo likiandikwa gazetini.

Alasiri nilipanda kilimani. Mdoe yupo, amevaa shati jeupe. Ni mtu mwembamba, mstaarabu, mwenye kikohozi. Kimaren yupo mlangoni na rungu lake. Klabu imejaa mwanga. Kitambaa cha kijani kimefifia upande wa magharibi, kimekuwa kama majani ya migomba yaliyokauka, kwa kuwa hakuna pazia la kukikinga na jua. Mdoe alinionyesha bila kuulizwa.

Nilimwambia nimetoka kwa Muhidini. Akachukua chaki, akaipaka kwenye fimbo ambayo tayari ilikuwa na chaki.

"Bado anasema ni vivuli?" akauliza.

Nikamwambia bado.

"Si kweli," akasema Kimaren kutoka mlangoni. "Alishindwa kwa sababu alitazama chini. Angetazama tundu."

"Kimaren, kaa kimya kidogo," akasema Mdoe. Akaweka mpira mwekundu katikati ya meza, mweupe nyuma yake, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu bila kupiga. Kisha akainuka.

"Ni kweli," akasema. "Ni vivuli. Nilijua."

Nilimuuliza alijua lini.

"Mpira wa tatu. Aliposema taa ziwashwe. Miaka miwili nilibishana naye, nikamcheka, nikamwambia kivuli hakina uzito. Lakini nilikuwa naye kila jioni, nilimwona anavyofanya. Aliposema vile nikatazama meza, nikaona hakuna kitu pale cha yeye kulenga. Mtu amenyang'anywa mizani halafu anaambiwa apime."

Kwa nini hakusema?

Mdoe alikohoa kwanza. "Ningesema nini, ndugu mwandishi? Yeye alisema, akaitwa mtu mwenye kasumba, mbele ya mkewe. Na mimi niitwe? Halafu kisu kile kilikuwa kinamngoja mmoja wetu. Mimi kifua changu hiki, vumbi la mkonge lingenimaliza kwa msimu mmoja. Nikatazama dirishani. Nikapiga mipira yangu."

Nilimuuliza kama haya yaandikwe.

"Andika. Miaka miwili tukikutana njiani ananiamkia vizuri, ananiuliza hali ya kifua. Ni bora angenitukana."

Nilipokuwa natoka, Kimaren alinishika bega, akaniambia yeye alikuwa dirisha la mwisho siku ile, na kwamba alicheka. Alisema anataka na hilo liandikwe.

*

Ndugu Gregori alinipokea korona, mikono imejaa grisi. Si mtu mbaya. Anaamka kabla ya wote, analala baada ya wote, na watoto wa chekechea kweli walishonewa kaptura na magauni ya rangi ya damu ya mzee, na wengine wanayavaa mpaka leo yakiwa na viraka. Nilimwambia alichosema Mdoe.

Mashine ilikuwa ikinguruma nyuma yake, akapaza sauti.

"Tufunge madirisha tena?" akauliza. "Watu wale wale waliokuwa nje miaka yote, mimi niwaambie rudini nje, tunafunga? Siwezi. Hata kwa haki ya mtu mmoja, siwezi."

Nikamuuliza, na kama haki ya mtu huyo ni jicho lake?

Aliifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Taa sina ugomvi nazo," akasema mwisho. "Masika wingu likifunga, ndani kunakuwa giza hata saa tisa, madirisha yakiwa wazi. Siku kama hiyo taa zitawashwa, na atakayetaka kuona ataona. Wacheze tena, mipira kumi kumi. Akishinda, kamati itakaa. Hilo naahidi, na liandike na jina langu."

Nilirudi shambani mbio kumpa Muhidini habari hiyo, nikidhani nambebea zawadi. Alikuwa anafunga fungu la sabini na moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kidogo.

"Hilo la masika nalijua," akasema. "Aliniambia mwaka jana."

Mwaka jana, masika ya 1974, mvua haikuja. Wingu jeusi lilifunga mara moja tu, mwezi wa nne. Muhidini aliliona likitoka upande wa milima ya Lutindi, akaacha mafungu yake shambani akakimbia maili nzima kupanda kilimani, kisu bado kiko mkononi, watu wakimpisha njiani kwa hofu. Alipofika mlangoni, taa zilikuwa zimewashwa. Mdoe alikuwa anapanga mipira. Muhidini akafuta jasho, akachukua fimbo, akainama.

Jua likatoka.

"Hata tone halikuanguka," anasema. "Mdoe akazima taa. Nikaweka fimbo, nikarudi. Siku ile haikuhesabiwa."

Sasa ni mwanzo wa mwezi wa tatu, na mbingu ya Korogwe na Handeni ni nyeupe. Mahindi yaliyopandwa Sindeni yamejikunja kama sigara. Wafugaji wameshusha ng'ombe mpaka mtoni. Kwenye kambi ya Kwemtindi watu wanakula mahindi ya njano ya msaada, nao wanashukuru.

Ijumaa iliyopita waumini wa kambi walitoka nje ya msikiti, wakasimama juani kusali sala ya kuomba mvua. Muhidini alikuwa safu ya mbele. Mwantumu anasema sauti ya mumewe ya "amina" ilisikika mpaka safu za wanawake, akadhani ni kwa ajili ya shamba lao la mahindi.

"Nilimwuliza, baba Swaumu, una imani kiasi hicho?" anasimulia. "Akaniambia, wenzangu wanaomba mahindi. Mimi naomba giza la mchana. Mungu atatugawia."

Kila alasiri mumewe akirudi, Mwantumu humkalisha kwenye kigoda mlangoni, akalipangusa jicho la kulia kwa pindo la khanga, akalitazama vizuri. Hamuulizi amekata mafungu mangapi.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkwaruzo, juu tu ya kope, urefu wa punje ya mchele. Jani lilirudi kabla hajaukunja mkono. Mwantumu aliusafisha kwa maji ya chumvi.

Nilimwuliza Muhidini mpango wake ni upi, maana sisi waandishi hupenda kumalizia hapo. Aliichomeka ncha ya kisu ardhini, akainua uso, akaitazama ile mbingu nyeupe kwa jicho lake, kutoka milimani mpaka upande wa Handeni.

"Mpango wangu si mkubwa," akasema. "Mvua iwahi kabla ya mwiba."

Kisha akaukunja mkono mbele ya uso, akaingia kwenye mche mwingine. Yalikuwa yamebaki mafungu thelathini na tisa.